Kabla Kijiko Hakijaingia Kiwanjani

Kijiko cha minyororo cha tani 20 kinaweza kutoa kwa siku moja udongo ambao vibarua kumi wangeuchimba kwa wiki mbili. Nguvu hiyo ndiyo inayomvutia mwenye kiwanja, na ndiyo inayomponza. Ukuta ukijengwa vibaya hubomolewa ukajengwa upya. Udongo uliochimbwa kupita kiasi haurudi kuwa ule ulioshikamana tangu enzi. Ukirudishwa shimoni unakuwa kifusi, na nyumba iliyokalia kifusi kisichoshindiliwa huanza kupasuka kuta baada ya masika moja au mbili.

Pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Goba na Madale hadi Chanika na Kigamboni, watu hununua viwanja vyenye vichaka, mikorosho na vichuguu. Mtu wa mtambo hupatikana kwa namba ya simu iliyotoka kwa jirani au dalali. Bei hukubaliwa kwa simu hiyo hiyo, kishika uchumba kinatumwa, na kesho yake kijiko kiko mlangoni. Mara nyingi mtu wa mtambo ni mwaminifu kabisa, na bado kazi inaharibika, kwa sababu hakuna aliyepima. Mwenye kiwanja asiyejua ni mita ngapi za ujazo zitoke, zitoke wapi na ziende wapi, hana cha kulinganisha bei, hana cha kuandika kwenye mkataba, na kazi ikiisha hana cha kukagua. Karibu kila ushauri unaofuata umetokana na upungufu huo mmoja.

Mpaka, mabomba na makaburi

Hatua ya kwanza haihitaji dizeli. Mwenye kiwanja achukue ramani yake ya upimaji aende akatafute bikoni zote, moja baada ya nyingine. Kwenye vichaka bikoni hufunikwa na majani, na opareta aliyeketi juu ya mtambo hawezi kuliona jiwe lililochomoza sentimita chache. Likishang'oka, kulirudisha mahali pake ni kazi ya mpima ardhi aliyesajiliwa. Fundi anayelirudisha kwa kukisia anapanda mbegu ya kesi. Kinga yake ni rahisi: kila bikoni ifyekewe kwa panga mita moja kuizunguka, kisha ichomekewe mti mrefu wenye kitambaa chekundu. Kama kiwanja hakijapimwa, majirani wa pande zote na mwenyekiti wa serikali ya mtaa waitwe, watembee mpakani pamoja, na picha zipigwe kabla ya jani la kwanza kufyekwa.

Kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri, na ni vema kiwe mkononi kabla ya kuchimba msingi. Kwa mwenye kiwanja karibu na maji kuna jambo zito zaidi. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Wengi walilifahamu sharti hilo Desemba 2015, mitambo ya serikali ilipobomoa nyumba katika bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam. Mita 60 hupimwa kwa futi kamba, haikadiriwi kwa macho, na upimaji huo ufanyike kabla ya kulipa mtu yeyote kusafisha. Mikoko ya pwani nayo inalindwa na sheria. Hakuna mtu wa mtambo mwenye haki ya kuing'oa hata akisema ameshafanya hivyo kwa jirani.

Chini ya ardhi kuna mali za watu wengine. Mabomba ya maji ya mitaani hulazwa kina kidogo, na mengi hayapo kwenye ramani yoyote ambayo mwenye kiwanja anaweza kuiona, hivyo mtu wa kuulizwa ni fundi wa DAWASA wa eneo hilo, au wa mamlaka ya maji ya mkoa mwingine, pamoja na wazee wa mtaa wanaokumbuka mtaro ulipita wapi. Kigamboni ndiko linakoanzia bomba la mafuta la TAZAMA linalokwenda hadi Ndola, Zambia, umbali wa kilomita 1,710. Bomba la gesi asilia kutoka Mtwara nalo linapita maeneo ambayo leo ni makazi. Njia za mabomba hayo huwekewa nguzo za alama, na mwenye kuziona karibu na kiwanja chake anapaswa kuwasiliana na wahusika, hata kama muuzaji alimhakikishia kwamba bomba liko mbali. Nyaya za TANESCO zikaguliwe pia, zile za juu kwa sababu mkono wa kijiko hufika mbali, zile za chini kwa sababu hazionekani.

Kwenye mashamba yaliyogeuzwa viwanja, kama ya Kibaha na Mkuranga, huweza kukutwa makaburi yasiyo na alama. Mifupa au mawe yaliyopangwa yakionekana, mtambo usimame hapo hapo. Tanzania ina Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969 inayoelekeza utaratibu wake, na zaidi ya sheria kuna familia ambazo hazijasahau. Taarifa ipelekwe serikali ya mtaa au kijiji siku hiyo hiyo.

Kuhusu miti, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inatambua miti iliyohifadhiwa ambayo haikatwi bila kibali, na ofisa misitu wa halmashauri au wa Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) ataeleza ipi ni ipi. Lakini hata ule usiohitaji kibali usikatwe kwa mazoea. Wakandarasi wengi hupenda kusafisha kiwanja chote kiwe cheupe kwa sababu ni rahisi kwao kuzunguka. Mwembe wa miaka 30 ulio kwenye kona ya kiwanja hauzuii nyumba, unashika udongo, na kivuli chake hakinunuliki. Miti inayobaki ipakwe rangi nyeupe shinani na itajwe kwenye mkataba kwa idadi. Inayoondoka iondoke na visiki vyake, kwa sababu kisiki kikiachwa chini ya jamvi huoza, huacha tundu, na huwa chakula cha mchwa. Vichuguu navyo vichimbwe hadi kwenye kiota chenyewe. Kukata kichwa cha kichuguu na kukisawazisha ni kuwaachia mchwa nyumba mpya juu ya ile ya zamani.

Shimo la majaribio

Hakuna sehemu ya kazi hii yenye faida kubwa kwa gharama ndogo kama shimo la majaribio. Vibarua wawili huchimba shimo la mita 1 kwa mita 1, kina cha mita 1.5, pembeni kidogo ya mahali msingi utakapopita ili lisije likaudhoofisha. Kwenye kiwanja kikubwa au chenye mwinuko yachimbwe mawili au matatu. Mwenye kiwanja, fundi wake na mtu wa mtambo walitazame pamoja.

Kinachotafutwa ni tabaka. Juu kuna udongo wenye mizizi na mboji, kwa kawaida sentimita 15 hadi 30. Huo hauwezi kubeba nyumba na lazima uondolewe, ila ni dhahabu kwa bustani, kwa hiyo urundikwe pembeni usibebwe na tipa la kwanza. Chini yake kinaweza kuwa kichanga cha pwani, udongo mwekundu ulioshikamana, mfinyanzi, au mwamba wa matumbawe. Udongo wa mfinyanzi hujulikana kwa mkono: ukiloweshwa kidogo na kuviringishwa kiganjani hadi ukawa uzi mwembamba wa milimita 3 bila kukatika, una mfinyanzi wa kutosha kumfanya mwenye nyumba aonane na mhandisi. Shimo liachwe usiku mmoja likiwa limefunikwa. Likikutwa na maji asubuhi, mpango wa karo na wa msingi unabadilika, na bei ya kuchimba inabadilika nayo.

Udongo unaotesa watu kuliko wote ni ule mweusi wa mbuga. Kenya wanaujua vizuri waliojenga Kitengela, Athi River na Embakasi. Tanzania upo kwenye mabonde ya Usukumani na maeneo mengine mengi. Mvua ikinyesha hufura, jua likiwaka husinyaa ukaacha nyufa zinazoingia mkono, na nyumba iliyo juu yake hupanda na kushuka kila mwaka. Utaratibu wa kawaida ni kuuondoa wote mpaka tabaka gumu, ukasombwa nje, kisha mawe na moramu vijazwe mahali pake, au mhandisi abuni msingi wa aina nyingine. Kina chake hutofautiana hata ndani ya kiwanja kimoja, na hapo ndipo bei ya jumla huwa mtego: mkandarasi aliyekadiria mita moja akikuta mbili, ama ataacha udongo mbaya chini, ama ataomba nyongeza kazi ikiwa katikati. Kwenye udongo huu bei iwe kwa mita ya ujazo, na kina kipimwe mbele ya pande zote mbili.

Kwenye matumbawe ya Mombasa, Unguja na baadhi ya maeneo ya Kigamboni shida ni ya upande wa pili. Kijiko kinakwaruza juu na hakiingii. Inahitajika nyundo ya kupasulia mwamba inayofungwa kwenye mkono wa mtambo. Mkataba useme mapema mwamba ni nini (maelezo ya kutosha ni "kisichochimbika kwa kijiko bila nyundo") na bei yake ni ipi kwa saa au kwa mita.

Hesabu ya tripu

Hesabu yenyewe ni ya darasa la sita. Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 30, yaani mita za mraba 600. Kuondoa udongo wa juu wa sentimita 15 ni 600 mara 0.15, sawa na mita za ujazo 90. Lakini udongo ukichimbuliwa hufura, na udongo wa kawaida huongezeka kwa takriban robo, mfinyanzi zaidi ya hapo. Kwa hiyo zile mita 90 zinapopakiwa zinakuwa kama 112, na tipa la mita za ujazo 10 litakwenda mara 12. Mtu wa malori akisema tripu 20, mwenye kiwanja ana haki ya kuuliza nyingine nane zinabeba nini.

Kwenye kujaza hesabu inageuka. Nyumba ya mita 12 kwa 14 inayotakiwa kuinuliwa sentimita 60 ina mita za ujazo 101 zilizoshindiliwa. Kifusi kinachotoka kwenye lori kikiwa kimelegea husinyaa kinaposhindiliwa, kwa hiyo zinahitajika kama mita 126, tripu 13 za lori lile lile. Anayenunua 10 atakuta jamvi lake liko chini ya alipokusudia, au fundi atakuwa ameacha kushindilia ili kifusi kitoshe, na hilo la pili ni baya zaidi.

Malori yanayoitwa ya mita 10 hayafanani. Bodi ipimwe kwa futi kamba: urefu mita 4.2, upana 2.3 na kina 1.1 ni mita za ujazo 10.6. Kazi ya dakika mbili, na hakuna dereva wa kweli anayekasirika akiombwa.

Mikono au mtambo

Si kila uchimbaji unataka mtambo, na hili wakandarasi hawalisemi. Msingi wa nyumba ya kawaida wenye kuta za jumla ya mita 80, upana sentimita 70 na kina mita 1, ni mita za ujazo 56. Kibarua mmoja kwenye udongo wa kawaida huchimba mita za ujazo mbili hadi tatu kwa siku. Vibarua sita wanamaliza kwa siku nne, wakiacha kuta za mtaro zilizonyooka na sakafu iliyo tambarare. Kijiko kinaweza kufanya hivyo kwa siku moja, ila meno yake huchimbua sakafu ya mtaro, kingo hubomoka, na upana unaoongezeka utalipiwa kwa zege. Kwa msingi wa mistari, mikono hushinda mara nyingi. Kwa kung'oa visiki, kukata mlima, kuondoa udongo wa mbuga au kuchimba karo refu, mtambo hauna mpinzani.

Mitambo nayo ina tabia zake. Kijiko cha matairi, ambacho Kenya watu wengi hukiita JCB hata kama kimeundwa na kampuni nyingine, kina koleo pana mbele na mkono wa kuchimba nyuma, huja kikijiendesha chenyewe barabarani, na huchimba kina cha mita 4 na zaidi. Kwa kiwanja kimoja cha makazi ndicho kinachofaa mara nyingi. Kijiko cha minyororo cha tani 20 hufika kina cha mita 6 na zaidi na kina nguvu ya kung'oa mnazi na mizizi yake, lakini hubebwa na trela, na kina upana wa karibu mita 3, hivyo geti la mita 3 halikitoshi. Katapila husukuma na kusafisha eneo kubwa, na ndani ya kiwanja cha mita 20 kwa 30 nafasi yake ni finyu. Greda husawazisha barabara na uwanja mpana. Kabla ya kuagiza chochote, njia ya kuingilia itembelewe kwa miguu: madaraja madogo, kona, nyaya zilizolegea, na sehemu ambayo ikinyesha lori linakwama.

Gharama ya kuleta na kurudisha mtambo wa trela hulipwa hata kama kazi ni ya saa tatu. Majirani wawili au watatu wanaojenga msimu mmoja wakiuita pamoja, gharama hiyo inagawanyika.

Bei na mafuta

Mtambo hukodishwa kwa saa, kwa siku, au kwa kazi nzima. Bei ya saa inafaa pale ambapo hakuna anayejua kilicho chini: visiki vikubwa, mwamba, kichuguu. Bei ya kazi nzima inafaa pale vipimo vinapojulikana, kwa mfano kusafisha mita za mraba 600 na kuondoa sentimita 15. Kusomba udongo hulipwa kwa tripu, na kila tripu iwe na tiketi yenye namba inayokatwa lori linapotoka getini. Kuchanganya njia hizi katika mradi mmoja ni busara, mradi mchanganyiko wenyewe uandikwe.

Swali la kwanza kwa anayetaja bei ya saa ni kama imejumuisha mafuta na opareta. Kijiko cha minyororo cha tani 20 hunywa takriban lita 12 hadi 18 za dizeli kwa saa, kwa hiyo bei ya chini isiyo na mafuta inaweza kuwa kubwa kuliko ile iliyoonekana ghali. Tanzania, mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA, hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Kenya, mamlaka kama hiyo, EPRA, hutangaza tarehe 14. Makubaliano yaliyofanywa siku chache kabla ya tangazo yaandike bei ya dizeli ya siku hiyo, na yaseme nani anabeba tofauti ikipanda.

Swali la pili ni saa inahesabiwaje. Mitambo mingi ina mita inayohesabu saa za injini. Isomwe asubuhi na jioni, na mtambo ukiharibika, au opareta akienda kula, muda huo uondolewe. Mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo yaandikwe haya: tarehe, namba ya mita ya kuanzia na ya kumalizia, muda uliosimama, na sahihi mbili, ya opareta na ya msimamizi wa mwenye kiwanja. Daftari la shule linatosha.

Bei tatu kutoka kwa watu watatu waliofika kiwanjani na kuliona shimo la majaribio zina maana. Bei ya simu haina. Ile iliyo chini sana kuliko nyingine mbili iulizwe maswali kabla ya kufurahiwa: udongo unatupwa wapi, lori ni la nani, nani analipa mtambo ukikwama.

Nani anakuja

Tanzania, makandarasi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, na huwekwa kwenye madaraja kulingana na uwezo. Kenya kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, yenye madaraja kuanzia NCA 1 hadi NCA 8. Kuhakiki usajili ni jambo la kuuliza namba na kuipeleka kwenye taasisi husika. Kwa kazi kubwa, ya kukata mlima au kuchimba karibu na jengo la jirani, mwenye nyumba asikubali pungufu ya kampuni iliyosajiliwa na yenye bima.

Ukweli wa mitaani ni kwamba kazi nyingi ndogo hufanywa na mwenye mtambo mmoja asiye na kampuni, na wapo hodari sana miongoni mwao. Kwa huyo, ajulikane ni nani mwenye mali. Kati ya mteja na mtambo anaweza kuwepo dalali, na nyuma ya dalali dalali mwingine, kila mmoja akiongeza chake. Fedha zikitumwa kwa wa kwanza na mtambo usipofika, hakuna wa kudaiwa. Mwenye kiwanja auone mtambo ukifanya kazi mahali pengine, azungumze na mteja aliyemaliza nao mwezi uliopita, na aangalie mafuta yanayovuja, minyororo iliyolegea na meno yaliyokwisha. Opareta aulizwe leseni yake na uzoefu wake. Yeye ndiye anayeamua kazi itakuwaje, kuliko hata bosi wake, na ikibidi kungoja siku mbili ili aje opareta mzuri, zingojwe.

Mkataba unaweza kuwa kurasa mbili za Kiswahili, wenye mchoro wa kiwanja ulioambatishwa. Uandike eneo na kina kwa mita, kwa sababu mafundi husema futi na wahandisi husema mita, na futi 3 si mita 1. Uandike miti inayobaki, mahali pa kumwaga udongo, na udongo huo ni mali ya nani. Jambo hili la mwisho husahauliwa, wakati udongo mwekundu mzuri unaotoka kiwanja kimoja huuzwa kama kifusi kwenye kiwanja kingine siku hiyo hiyo. Kama udongo unamwagwa bondeni au kwenye mfereji wa mvua, lawama ya mafuriko ya mtaa itamrudia mwenye nyumba, si dereva. Malipo ya kuleta mtambo yatolewe mtambo ukiwa getini. Sehemu ya pili ilipwe kazi iliyopimwa ikifika nusu, na asilimia 10 ibaki mpaka vipimo vya mwisho. Risiti ya mashine ya kielektroniki (EFD) idaiwe bila haya kwa aliyesajiliwa.

Siku ya kazi

Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo bora kwa ukanda wa pwani, kati ya masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Udongo ni mkavu, malori hayakwami, na mtaro uliochimbwa haujai maji kabla ya zege.

Mtambo ukute kiwanja kimeshachorwa: mbao za kusetia zimepigwa, kamba zimevutwa, chokaa imemwagwa juu ya mistari, na kigingi kimoja imara nje ya eneo la kazi kimewekewa alama ya kimo. Kigingi hicho ndicho mama wa vipimo vyote, kwa hiyo kizungushiwe uzio. Mtu mmoja tu awe na mamlaka ya kumwelekeza opareta. Kaka mtu akisema chimba na fundi akisema simama, opareta atamsikiliza aliye karibu. Msimamizi huyo awe na futi kamba na mpira wa levo, apime kila baada ya muda mfupi, na mtambo usimamishwe sentimita 10 juu ya kina kinachotakiwa ili mikono imalizie.

Uhai wa watu unakuja mbele ya ratiba. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani 1.5 hadi 2, na aliyefukiwa hadi kifuani hawezi kuvuta pumzi hata kichwa kikiwa nje. Mtaro au shimo linalozidi mita 1.5 lisishukwe na mtu bila kingo kulazwa mteremko au kuwekewa mihimili ya mbao. Udongo uliotolewa ukae mbali na ukingo, angalau sentimita 60, na lori lisiegeshwe karibu. Watoto wa mtaa hupenda kutazama kijiko. Awepo mtu wa kuwazuia, na shimo la karo lisilale usiku mmoja bila kuzungushiwa uzio, kwa sababu likijaa mvua ni kisima kisichojulikana. Tanzania, usalama kazini unasimamiwa na OSHA chini ya sheria ya mwaka 2003.

Ukuta wa jirani upigwe picha zenye tarehe kabla ya kazi, hasa pale penye nyufa za zamani. Shimo lisilo na mihimili liwe mbali nao kwa umbali usiopungua kina chake. Likisogea karibu zaidi ya hapo mhandisi aitwe. Kwenye miteremko ya Goba na Madale, ardhi ikikatwa wima na kuachwa hivyo hungoja mvua tu. Ukuta wa kuzuia udongo upangwe pamoja na uchimbaji, usingoje fedha za mwaka kesho, na mfereji uchimbwe upande wa juu ili maji ya mlima yapite pembeni.

Kifusi kinapojazwa, kiwekwe kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, kinyunyiziwe maji mpaka kilowe bila kuwa tope, kisha kishindiliwe kwa mashine kabla ya tabaka linalofuata. Lori kumwaga sentimita 60 kwa mkupuo na vibarua kupigapiga juu kwa kipande cha mti si kushindilia. Juu panakuwa pagumu na chini pamelegea. Kipimo cha haraka ni nondo ya milimita 12 kusukumwa kwa mkono: ikizama kwa urahisi, tabaka lirudiwe. Nyumba ya ghorofa inastahili vipimo vya maabara.

Kazi ikiisha, mwenye kiwanja na mkandarasi wazunguke pamoja na mchoro mkononi kabla mtambo haujapandishwa kwenye trela. Bikoni zihesabiwe, miti iliyobakizwa ihesabiwe, tiketi za tripu zilinganishwe na hesabu ya mwanzo. Sakafu ya mtaro ipimwe kwa levo kwenye kila kona. Palipochimbwa kupita kiasi pajazwe zege, wala pasirudishiwe udongo. Kama mvua imeingia, maji yavutwe na sentimita chache za tope la juu zikwanguliwe hadi udongo mkavu. Ile asilimia 10 ilipwe hapo, na fundi amwage zege la chini ndani ya siku chache zinazofuata, maana mtaro ulioachwa wazi huanza kubomoka tangu siku ya kwanza.